Ng'ombe wa Mama Mkubwa Kaonekana Kwenye Picha Yangu

Mama Klara, shikamoo. Pole na kazi ya kusoma shida za watu. Nakuandikia kwa ile namba mnayoiweka gazetini, nimekaa jikoni, mlango nimeurudishia, watoto wako shuleni na mume wangu yuko shambani anapiga alizeti, na ninachokuomba ni ushauri wa haraka kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi huku ni siku ya mnada na kuna watu wamesema siku hiyo watapita nyumbani kunisalimia, na salamu zenyewe si za heri.

Niite Selina. Nina miaka thelathini na mbili na watoto watatu, nimeolewa huku upande wa Kinyangiri na mume wangu Gerald, tunalima alizeti na mtama na tuna ng'ombe wachache, lakini katika hao wachache, mama, wanne si wetu, na hapo ndipo mkasa ulipo. Ni wa mama yangu mkubwa Agripina, dada yake mama mzazi, aliyeolewa kule Mungaa. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba mtu mwenye akili hafungi ng'ombe wake wote zizi moja, wengine anawaweka kwa ndugu, wengine kwa rafiki wilaya nyingine, ili ugonjwa ukiingia usimmalize na watu wasijue ana wangapi, na yule anayetunza anakunywa maziwa, anatumia mbolea, na anafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa mume wa mama mkubwa, marehemu baba mkubwa Antipasi, alipoona ugonjwa umemzidi, alimtuma jirani yake mmoja anaitwa Melkiori atuletee majike mawili, na siku walipofika akatupigia simu, tukaweka sauti kubwa, mimi na Gerald na huyo Melkiori tukasikia wote, akasema, "Hao ni wa Agripina na binti yangu Jesca. Hata nikilala leo, wasihesabiwe na wa ukoo." Haikupita miezi mitatu akafariki. Baada ya arobaini ndugu zake wakaja, wakiongozwa na mdogo wake Sostenes, wakasomba zizi lote, mama mkubwa akabaki na kuku na nyumba, na Sostenes akamuuliza mbele ya ukoo mzima, "Shemeji, yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama yuko wapi?" Mama mkubwa kwa hofu akajibu, "Tulimuuza, tukamtibia mgonjwa." Wakaliacha hapo, maana kuugua kwa marehemu walikujua na hakuna aliyekuwa ameleta hata dawa.

Tangu siku hiyo mama mkubwa anaishi kwa ng'ombe hao. Yule mwekundu na mwenzake wamezaa, ndama akikua anauzwa, na ndiyo maana Jesca leo yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mama mkubwa hata akipiga simu hasemi ng'ombe, anasema mgonjwa, "Mgonjwa wetu anakula?", na mimi najibu, "Anakula mama, anaendelea vizuri," ili mtu akisikia pembeni asishike kitu.

Jumapili iliyopita binti yangu wa kwanza, Happiness, alipata kipaimara. Tulifanya sherehe ndogo, mwalimu wa kwaya, Obadia, ana simu nzuri, akatupiga picha ishirini na sita akanirushia zote. Mama Klara, mimi si mtu wa kuweka weka picha ovyo, lakini kuna mwenzangu tuliyesoma naye sekondari, sasa yuko Dodoma, aliwahi kuniandikia kwenye grupu kwamba kijiji kimenizeesha, akaweka na vicheko, na neno hilo lilinikaa. Kwa hiyo nilikaa chini nikazichagua zile picha kama mtu anayechambua mchele. Ile ambayo gagulo linachungulia nikaitoa, ile ambayo mtoto wa mwisho soli ya kiatu imeachia nikaitoa, ile ambayo Gerald kafumba macho nikaitoa, na zote alizokaa mama mkubwa nikazitoa, kwa sababu siku ileile aliniambia, "Mwanangu, mimi usinitoe huko mitandaoni," na nikajiona mwerevu sana. Nikabaki na moja, nimesimama peke yangu kwenye ua wa minyaa ya zizi, jua linanipiga kwa ubavuni, kitenge kimekaa, shingo inaonekana. Nikaiweka Fesibuku, nikaandika, "Baraka za boma letu. Mungu ni mwema." Nyuma yangu, juu ya minyaa, alikuwa ameinua kichwa yule mwekundu. Naapa sikumwona.

Unajua watu wetu. Sura ya mtu wanaweza kuisahau, lakini ng'ombe wakimwona mara moja wamemshika. Mwekundu, baka jeupe kwenye paji, pembe ya kushoto imeinama mpaka karibu na jicho, Mungaa nzima nani asiyemjua?

Kesho yake asubuhi nilikuwa na laiki mia moja na kitu, yule wa Dodoma naye kaandika umependeza, nafurahi, nashuka chini nasoma komenti, nakutana na Yohana, mtoto wa Sostenes, ambaye tulikuwa marafiki humo tangu msibani na mimi nilishasahau kama yumo. Kaandika, "Dada Selina umependeza. Huyo ng'ombe hapo nyuma ni wa kwenu?" Akaweka na vikopa viwili. Nikamjibu bila kufikiri, "Asante kaka, ni wa jirani." Akajibu saa hiyohiyo, "Jirani yupi dada?" Nikaifuta picha. Baada ya muda kidogo ikaingia inboksi, picha ileile, mimi kanikata limebaki bega, ng'ombe kamzungushia duara jekundu, na chini yake, "Mbona umefuta dada? Baba amemwona, amefurahi kweli. Jumamosi tunakuja mnadani huko kwenu, tutapita kusalimia."

Tangu hapo sina amani. Jana mchana alipita mtu wa pikipiki nisiyemjua, akapunguza mwendo kwenye zizi, akazima, akaja kuomba maji ya kunywa, na wakati anakunywa hakuniangalia mimi, aliangalia zizini. Labda alikuwa na kiu tu. Jirani yangu Maria, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, aliniambia dawa ni kukata ile pembe, mtu hatamtambua, akaniazima na msumeno. Leo Gerald alipoondoka niliingia zizini nao, nikamshika yule ng'ombe kichwa, naye akadhani nimemletea mashudu ya alizeti, akaanza kunilamba mkono. Nilikaa chini kwenye mavi nikalia. Maria anasema basi kama nashindwa kukata nimpe mchinjaji kesho, nimwambie mama mkubwa kwamba mgonjwa amekufa.

Gerald hajui lolote. Si mtu wa kunipiga, lakini alimpa marehemu neno lake, na akijua nimelivunja atanyamaza, na kunyamaza kwake nakuogopa. Mama mkubwa naye hajui, simu yake ni ya kitochi. Alinipigia Jumatatu kuuliza mgonjwa, nikamwambia anaendelea vizuri, akasema, "Mungu akubariki mwanangu, ni wewe tu uliyenibakia." Mama Klara, wakija wakamchukua yule wakawakuta na wengine watatu, Jesca atarudi nyumbani na mama yangu mkubwa ataonekana mwongo mbele ya ukoo, na mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Nikate pembe? Nimuuze? Niwahamishe wote kabla ya Jumamosi? Nisaidie, nimechanganyikiwa.

Selina, Mkalama


MAMA KLARA ANAJIBU

Marahaba, Selina. Kwanza rudisha huo msumeno wa watu.

Ukikata pembe leo, Jumamosi Sostenes atakuta ng'ombe ana kidonda kibichi kichwani, na kidonda hicho kitasema yote uliyotaka kuyaficha. Tena utakuwa umemtesa mnyama asiye na kosa. Na habari ya mchinjaji sitaki kuisikia tena. Ng'ombe si wako. Ukimuuza bila mwenyewe kujua utakuwa umemfanyia mama yako mkubwa kilekile walichomfanyia mashemeji zake, tofauti yako na wao itakuwa moja tu, kwamba wao walikuja mchana mbele ya watu. Maria ni jirani mwema wa kuazimana chumvi. Kwa jambo hili muache apumzike.

Hofu yako naielewa. Sitakuambia unajisumbua bure, maana mtu anayekutumia ng'ombe kwenye duara jekundu halafu akasema anakuja kusalimia, huyo haji kwa ajili ya chai. Una haki ya kuogopa. Lakini tangu Jumatatu hofu imekuchagulia mambo matatu, kudanganya, kufuta na kukata, na hakuna hata moja lililokusaidia.

Sasa nikuseme kidogo, na usinune. Umeniapia kwamba hukumwona. Mwanangu, wewe ndiye uliyeona gagulo linachungulia. Uliona soli ya kiatu cha mtoto. Picha ishirini na sita umezipekua moja moja, ng'ombe mzima mwenye pembe ukamkosa? Halafu ukaandika "Baraka za boma letu". Mtu anayeonyesha shingo na kitenge hataji boma. Ulimwona, Selina, ukamwacha kwa sababu alikupendeza. Ulitaka yule mwenzako wa Dodoma ajue kwamba kijiji kimekupa mali. Sikuchukii kwa hilo. Mimi mwenyewe kwenye albamu yangu kuna picha ya mwaka niliomaliza chuo nimeegemea gari la watu, nimebinua mdomo kama nimelinunua mimi. Bahati yangu gari halikuwa la mjane.

Lakini likubali hili kabla hujaenda kwa mtu yeyote, kwa sababu ukienda kuomba msamaha huku umeshika "sikumwona", utakuwa umekwenda na uongo mwingine.

Leo Gerald akirudi, mpe maji anawe, mpe chakula, kisha mwambie yote. Usimwambie nusu. Neno alilompa marehemu lilikuwa lake, nawe umelitumia bila kumuuliza, kwa hiyo akinyamaza muache anyamaze. Amelipata hilo jambo dakika hiyo, wewe una siku tatu nalo. Kesho alfajiri yeye aende kwa mwenyekiti wa kitongoji, aeleze ng'ombe hao walikujaje, siku gani, na nani aliwaleta. Wewe panda gari la kwanza uende Mungaa.

Usimpigie simu mama yako mkubwa. Habari hii si ya kusemwa kwa mafumbo ya mgonjwa anaendelea vizuri. Fika, mwamkie, kaa chini. Usianze na mvua wala bei ya alizeti. Sema, "Mama, nimekukosea. Nilipiga picha nikamwacha yule mwekundu aonekane ili nijisifie, na Sostenes amemwona." Halafu funga mdomo. Akilia usimbembeleze haraka ili wewe upate nafuu. Akikufukuza, kaa nje kwenye uzio usubiri. Wewe umelia zizini na huku umenililia mimi, mtu nisiyemjua ng'ombe wenu hata mmoja, na mwenye mali hajaambiwa chochote. Anakuombea baraka, na wewe jambo hili ulipaswa kumwambia Jumatatu ileile aliyokupigia.

Akishatulia, nendeni pamoja kwa Melkiori. Huyo mzee ni wa thamani kuliko unavyofikiri. Marehemu alisema akiwa hai, na akili zake, kwamba ng'ombe ni wa mkewe na binti yake, na mlisikia watatu. Picha ya Yohana inaonyesha ng'ombe alipo. Haionyeshi ni wa nani. Mimi si mwanasheria, ni mama wa gazetini tu, kwa hiyo msiishie kwangu, shukeni Ikungi mkatafute wanaotoa msaada wa kisheria, ni bure, waelezeni kila kitu, mkaulize habari ya kufungua mirathi mahakama ya mwanzo. Na mkifika huko msiulizie wale wanne waliofichwa peke yao. Ulizeni pia wale waliosombwa. Mjane na mtoto waliachwa na kuku, na mpaka leo hakuna aliyewauliza mashemeji swali hata moja. Anayejificha hapa ni mtu asiye na kosa.

Lile neno alilolisema mama yako mkubwa mbele ya ukoo, kwamba ng'ombe aliuzwa, hilo ni lake. Alilisema kwa hofu na siku moja itabidi alirekebishe kwa mdomo wake. Usimlazimishe, na usimsemee. Wala usiwahamishe ng'ombe kwa kichwa chako. Akisema wabaki, watabaki. Akisema wahamishwe, Gerald atawahamisha, mchana, mwenyekiti akijua. Yeye ndiye aamue, kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe.

Kama Jumamosi watafika, wakute watu. Gerald awepo, mwenyekiti awepo, wewe uvae vizuri uwape maziwa. Waamkie Sostenes na mwanawe kama unavyowaamkia siku zote. Wakiuliza, jibu moja linatosha: "Mwenye ng'ombe yuko hai, yuko Mungaa, mnamjua." Usibishane wala usirushe maneno. Wakitaka kutumia nguvu, mwenyekiti anajua polisi wako wapi. Na zile jumbe za Yohana usizifute, hata moja, pamoja na lile duara lake jekundu. Maji uliyomwaga hayazoleki, lakini hizo ni zake, alizimwaga yeye, na mwanasheria atataka kuziona.

Siwezi kukuahidi kwamba ng'ombe watabaki. Kesi za mirathi zinachosha, na watu wa ukoo wanajua kuchelewesha. Huenda Jesca akasimama masomo kwa muhula mmoja, na kama itakuwa hivyo wewe na Gerald mtauza mtama wenu mmsaidie, bila kuambiwa na mtu. Hilo unadaiwa na moyo wako.

Na wengine mnaosoma hapa mkimcheka Selina, ngojeni kwanza. Siku nyingine ukichagua picha, jizibe wewe mwenyewe kwa kidole gumba, halafu angalia kilichobaki. Sisi tukishika picha tunatafuta mdomo wetu, kitambi chetu, tukijiridhisha tunabonyeza. Ziba hicho kitambi. Kilichobaki kama ni mtoto wa mtu, kitanda cha mgonjwa, mlango wa nyumba ya mtu anayejificha, au pembe ya ng'ombe, kina mwenyewe, na mwenyewe hajakuambia ndiyo. Mama Agripina alisema wazi asitolewe mitandaoni. Uso wake Selina aliuondoa, maisha yake akayaacha pale juu ya minyaa.

Selina, haya nimekusomea kwa simu leo hii, umelia, nimekusikia. Mimi nami nina picha yako mkononi, ndiyo hii barua, na ina ng'ombe ndani. Nimebadilisha majina, vijiji, hata rangi na pembe, lakini mama yako mkubwa akisomewa atajijua kwenye mstari wa pili. Kwa hiyo sitaitoa. Itakaa kwenye droo yangu mpaka yeye mwenyewe, si wewe wala Gerald, anipigie kwa simu yake ya kitochi aseme itoke. Asipopiga, haitatoka kamwe, na nafasi hii nitaijaza na habari za mtu mwingine.

Kapande gari.

Mama Klara

(Barua hii imechapishwa kwa ruhusa ya mwenye ng'ombe.)